Kuku wa mashine: saa inaanza kuhesabiwa pale kaunta

Wiki hii nimeulizwa mara nne kwenye darasa langu la mapishi swali lilelile: "Mwalimu, kuku aliyelala mezani usiku kucha, si nikimpasha vizuri asubuhi hana shida?" Anayezungumziwa ni yule kuku wa supamaketi, anayezungushwa kwenye mashine ya kioo mpaka ngozi inang'aa, unayempitia ukitoka kazini ili usisimame jikoni hadi saa 4 usiku. Kuku huyo nampenda. Kujibu swali hilo ndiko kumenichosha.

Basi nijibu wanayoniambia, moja moja. "Moto unaua kila kitu." Unaua bakteria, ndiyo. Hauondoi sumu waliyokwisha kuitoa. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus anaishi puani na mikononi mwa watu wazima kabisa wa afya. Akiangukia nyama iliyopikwa na kuachiwa muda, hutengeneza sumu isiyojali kuchemka. Mchuzi unatokota, bakteria wamekufa wote, sumu ipo palepale, na saa chache baadaye unatapika huku ukimlaani muuzaji. Mwenzake, Clostridium perfringens, huacha spora, yaani mbegu zake ngumu, zinazovumilia mapishi, kisha huamka na kuzaana nyama inapopoa polepole. Na tafadhali usininusie bakuli na kuniambia "mbona hainuki?" Kiporo cha kukulaza hospitali kinaweza kunukia kama kilivyonukia jana.

Bakteria hustawi kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Chakula kilichopikwa kisikae humo zaidi ya saa 2, na hewa ikizidi nyuzi 32, saa 1 tu. Sasa piga hesabu ya Dar es Salaam. Umemchukua kuku Mwenge saa 12 jioni. Mwezi wa pili, joto kali, daladala imejaa, mfuko umeupakata, foleni haisogei. Mbagala unashuka saa 1 na nusu, unasema ngoja nioge kwanza. Watu wengi huanza kuhesabu wakishanawa baada ya kula, wakati saa ilianza pale kaunta, kuku alipotoka kwenye moto. Kwa hiyo mnunue karibu na nyumbani, awe kitu cha mwisho, na umchague anayetoka mashineni wakati huo huo, si yule aliyewekwa pembeni tangu mchana.

Kinachonikera zaidi ni kwamba wengi wanamwacha mezani usiku kucha kwa nia njema: eti chakula cha moto kinaua friji. Hakiiui. Usiingize tu sufuria nzima inayofuka. Chambua nyama, itandaze kwenye vyombo vifupi, kina kisizidi sentimita 5, mvuke ukikata weka ndani. Na mchambue akiwa bado wa moto, mikono imenawiwa kwa sabuni, maana nyama inaachia mfupa yenyewe. Akishapoa mtavutana naye. Hilo nitalirudia mpaka nizeeke. Ndani ya friji atakaa siku 3 hadi 4. Umeme ukikatika, friji iliyofungwa hushika ubaridi kwa muda wa saa 4 hivi, mradi usiifungue kila dakika kuhakikisha kama bado ina baridi.

"Lazima achemshwe tena na viungo ndipo anoge." Ameshaiva, mwacheni! Ukimtumbukiza mwanzo wa pilau utakula nyuzinyuzi. Pika wali kwanza, yeye aingie mwishoni. Kwa haraka zaidi, fuata watu wa pwani: kuku wa kupaka ni kuku aliyechomwa kisha akapakwa tui zito, na wewe tayari unaye aliyechomwa. Chemsha tui na tangawizi, kitunguu saumu, manjano na pilipili mpaka lishike mwiko, kamulia ndimu, ingiza vipande vipate moto kabisa. Kama ni kiporo, kifike nyuzi 74. Chumvi onja kwanza, kwa sababu kuku wengi wa namna hii hulowekwa maji ya chumvi kabla ya kuchomwa. Wanaoongeza na kile kiungo cha mchemraba wasiniulize kwa nini mchuzi umekuwa bahari.

"Pana wekundu karibu na mfupa, hajaiva." Si lazima. Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki 5 au 6, mifupa haijakomaa, na rangi ya uboho hupenya nje. Kipimajoto kikisoma 74 kwenye paja, kaiva.

"Wamedungwa homoni." Ukuaji wao ni matokeo ya miaka mingi ya kuchagua mbegu, pamoja na chakula kizuri. Kati ya dawa unazoona bandani zimo chanjo za magonjwa ya kuku, kama kideri na Gumboro. Ukitaka kulalamika, lalamikia antibayotiki zinazotolewa ovyo. Hapo nitakuunga mkono.

"Mifupa ni ya paka." Mifupa ya kuku huyo ni chakula cha kesho. Ichemshe saa moja na kipande cha tangawizi na pilipili manga, chuja, kisha tumbukiza sufuria kwenye beseni la maji baridi ipoe haraka iingie friji, usiiache jikoni hadi alfajiri. Kesho jioni pasha supu ichemke, rudishia nyama uliyochambua, dondoshea ndimu, na pita kwa muuza chapati ukirudi.