Mapazia ni ya nani: mwenye nyumba au mpangaji?

Nasimamia nyumba za kupangisha hapa Arusha, nyingi zikiwa Njiro, Moshono na Sakina, pamoja na vyumba vichache vya uani kule Kaloleni. Ukiondoa umeme wa LUKU na maji, hakuna kinachozua maneno kama madirisha. Mpangaji anafungua mlango, anatazama juu, kisha ananigeukia: "Kaka, humu hakuna hata bomba la pazia?" Nikimpigia mama mwenye nyumba, jibu liko tayari: "Mwanangu, leo nimpe pazia, kesho si atataka na shuka?"

Ukikimbilia sheria hutapata mengi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamdai mwenye nyumba mambo ya mwili wa nyumba, kama paa na kuta kuu pale anapopangisha sehemu tu ya jengo, na pia amwache mpangaji akae kwa utulivu. Mpangaji naye anadaiwa airudishe nyumba katika hali aliyoipokea, ukiacha uchakavu wa kawaida. Pazia halimo. Kwa hiyo tunabaki na mkataba na desturi, na desturi ya hapa tunaijua: nyumba hutolewa tupu, kila mtu aje na mapazia yake.

Kwa upande wa kitambaa sina ugomvi na desturi hiyo. Ugomvi wangu ni bomba.

Madirisha yetu hayana kipimo kimoja. Huyu kajenga futi tano kwa tano, jirani yake sita kwa tano. Mpangaji anayehama anang'oa bomba lake, anayeingia analeta la kwake, na mabano yake hayaingii kwenye matundu ya zamani. Sasa pale juu ya dirisha kuna linta, yaani zege na nondo. Kulitoboa vizuri kunataka drili ya kugonga na plagi za skrubu, wakati mtu aliyehamia jioni ana nyundo ya kuazima na misumari ya zege. Plasta inabanduka na rangi inaondoka nayo. Wakishapita wapangaji watatu, ukuta ule utadhani umepigwa risasi. Mwenye nyumba anataka fidia, na kila mpangaji anaapa matundu aliyakuta. Nani atathibitisha?

Msimamo wangu ni kwamba kinachotobolewa ukutani kiwe cha nyumba, kinachofuliwa kiwe cha mpangaji. Mwenye nyumba amwite fundi mara moja kabla ya rangi ya mwisho, afunge mabomba mawili kila dirisha, moja la pazia zito na moja la jepesi. Yapite ukingo wa dirisha kama sentimita 20 kila upande, ili pazia likifunguliwa likae ukutani na lisizibe kioo.

Kitambaa amwachie mpangaji, tena kwa faida yake mwenyewe. Nimeona wenye nyumba wakinunua mapazia ya bei ya chini ili wapangishe haraka. Mpangaji anayashusha siku ya kwanza kwa sababu hayaendani na makochi yake, anayatupia stoo, na panya wanamaliza kazi. Ila mpangaji naye apige hesabu kabla ya kulipa kodi ya miezi sita na mwezi wa dalali. Pazia likae vizuri, upana wa kitambaa uwe kama mara mbili ya dirisha. Dirisha la futi sita, karibu mita 1.8, linataka mita 3.6. Zidisha kwa madirisha manane. Wengi hela huishia hapo, ndiyo maana unaona kanga dirishani hadi mwezi wa tatu tangu wahamie. Na ukishona, shonea dirisha kubwa. La kubwa litafaa kwenye dogo, la dogo halitafaa kwenye kubwa.

(Wanaohamia huku kutoka Moshi: mapazia yenu mepesi mtayajutia kwenye baridi ya Julai. Wekeni bitana.)

Vyumba vya uani navitenga. Dirisha linatazama mahali wapangaji wote wanapofulia na kupikia, na stara inahitajika usiku uleule wa kwanza. Pale nawaomba wenye nyumba waweke kioo cha ukungu sehemu ya chini.

Nyumba yenye fanicha haina mjadala, kila kitu ni cha mwenye nyumba. Mtumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anayekuja na sanduku moja hawezi kuanza kutafuta fundi cherehani. Ila ukimwekea blaindi, chagua zisizo na kamba za kuning'inia. Kamba hizo zimenyonga watoto. Marekani, tangu mwisho wa 2018, kiwango chao kinataka blaindi zinazouzwa tayari madukani ziwe hazina kamba au kamba zisifikike.

Kwenye mkataba naandika idadi ya mabomba, mabano na vifuniko vya ncha, na tunapiga picha kila dirisha siku ya kukabidhiana funguo. Mpangaji akitaka kuweka bomba zuri zaidi, ruksa, na akihama aondoke nalo, mradi la nyumba alirudishe kwenye matundu yaleyale.