Usonji na afya ya akili ya kijana: maswali ya wazazi na ya vijana wenyewe

Je, usonji ni ugonjwa wa akili?

Hapana. Usonji (kwa Kiingereza autism) ni namna tofauti ambayo ubongo wa mtu hukua na kufanya kazi tangu utotoni, na mtu huishi nao hadi uzeeni. Hautokani na malezi mabaya, laana wala majini. Ila kijana mwenye usonji anaweza kupata sonona (huzuni nzito isiyoisha) au hofu iliyopitiliza, na huyapata zaidi kuliko wenzake. Hayo yana matibabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji, kwa hiyo shule kubwa ya sekondari haikosi wanafunzi wa namna hiyo, hata kama hakuna aliyewahi kupimwa.

Binti yangu yuko kidato cha pili na ana usonji. Walimu wanamsifu kwa utulivu, lakini akirudi nyumbani analia, anajifungia, hata wageni hawaamkii. Ni ukaidi?

Mama, itazame siku yake kwanza. Lebo ya sweta imemkwaruza shingo tangu asubuhi. Wakati wa chakula sahani za bati zinagongana, na kila mgongano unamwingia kichwani. Wenzake wakicheka, naye anacheka baada yao kidogo, kwa kuwa ilibidi awatazame kwanza. Kumtazama mwalimu machoni kunamuumiza, basi anakazia macho katikati ya nyusi. Vidole vyake vinataka kucheza ili atulie, anavikalia. Huo utulivu anaosifiwa ni kazi ya siku nzima.

Tafiti zimeonyesha kwamba wanaoficha sana usonji wao ndio wanaoelemewa zaidi na hofu, sonona, hata mawazo ya kujiua. Wasichana wengi ni mahodari wa kuficha, na ndiyo sababu mojawapo ya kuchelewa kugunduliwa. Hali hiyo ikiendelea kwa miezi, kijana anaweza kuchoka kiasi cha kushindwa mambo aliyoyaweza zamani: kuongea, kuoga, kufungua daftari. Ukimbana hapo, unamzamisha zaidi.

Kata lebo. Akirudi, mwache apumzike kwenye chumba kimya kabla ya kumuuliza habari za shule. Kuhusu salamu, najua uzito wake kwetu: mtoto asiyesema shikamoo humwaibisha mzazi. Waeleze bibi na mashangazi mapema kwamba ataamkia akishatulia, au atainua mkono tu, na wewe usimame upande wake wanaponung'unika.

Nimwambie mwanangu kuwa ana usonji? Naogopa atajiona amepigwa mhuri.

Mwambie. Asiyeambiwa ana mihuri tayari: mjinga, mwenye kiburi, aliyelogwa. Utafiti uliofanywa Uingereza na kutolewa mwaka 2017 ulikuta kwamba wenye usonji waliojihisi vizuri kuwa sehemu ya kundi lao walijithamini zaidi, na kujithamini huko kulikwenda pamoja na hofu na sonona pungufu.

Usimwambie katikati ya ugomvi. Anza na kitu anachokijua: "Unaisikia jenereta ya jirani kuliko sisi sote, ndiyo maana hulali." Kisha lipe jambo hilo jina lake. Na usimtangaze mtaani bila ridhaa yake.

Nina miaka 19, nimepimwa mwaka jana. Nimeigiza tangu shule ya msingi, sasa sijijui.

Mdogo wangu, wengi waliopimwa ukubwani husema hivyo hivyo. Anza padogo. Mbele ya mtu mmoja unayemwamini, acha kujizuia kwa jambo moja tu: cheza na vidole, au sema "kelele hizi zinaniumiza." Andika kinachokuchosha na kinachokurudishia nguvu. Tafuta vijana wengine wenye usonji, hata kwa simu. Kuna mambo ambayo kwao hutahitaji kuyaeleza. Hudaiwi kumwambia kila mtu. Penye dhihaka au hatari, kujificha ni kujilinda.

Nitajuaje kwamba hali imekuwa mbaya?

Ukimuuliza "unajisikiaje?" na akajibu "sijui", huenda ni kweli: wengi wenye usonji hawazitambui hisia zao kwa urahisi. Angalia mabadiliko ya usingizi, ya kula, au kuacha anachokipenda. Aliyekuwa akichora ruti za daladala kila jioni na sasa hashiki kalamu, anakuambia jambo.

Muulize waziwazi kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Akitaka kujibu kwa ujumbe wa simu, apewe nafasi. Akisema ndiyo, anafikiria kufa, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu nyumbani, mpeleke hospitali. Namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure Tanzania, Kenya na Uganda. Ukifika hospitali, mweleze daktari mapema kwamba ana usonji, anavyowasiliana, na kama taa kali au kuguswa ghafla humtia hofu.