Ukuta wa Mawe na Chokaa Hautaki Saruji

Ukiwa Bustani ya Forodhani mjini Zanzibar jioni, na bakuli lako la urojo mkononi, ipe bahari mgongo. Jumba kubwa lililo ng'ambo ya barabara ni Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafariki. Wengi huuliza: mbona jumba kama hili lisisimamishwe upesi kwa saruji na nondo, yakaisha?

Jibu limo ndani ya ukuta wenyewe. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Mawe haya yana vitundu. Mvua ikinyesha hunywa maji, jua likiwaka huyatoa. Lipu ya chokaa huuacha mvuke upite. Saruji huuzuia. Maji yakikosa njia hubaki ndani, na chumvi ya bahari huganda na kulimega jiwe polepole, huku nje ukuta ukionekana mpya. Ncha za boriti za mikoko zilizopachikwa humo huoza bila mwenye nyumba kujua. Chuma nacho kikishika kutu huvimba na kuupasua ukuta unaokibeba. Na Beit al-Ajaib lina chuma kingi, kuanzia nguzo zake ndefu za baraza.

Kwa hiyo kazi huanza na maji. Yanaingilia wapi? Tazama paa, mifereji, bomba la bafuni, hata maua yanayomwagiliwa yakiwa yameegemea ukuta. Fundi anayekuja na ndoo ya rangi kabla ya kupanda juu ya paa, naomba umrudishe.

Maji yakishazibwa, lipu ya saruji hubanduliwa taratibu kwa patasi na nyundo ndogo, ukuta ukaachwa ukauke. Hapo ndipo chokaa iliyozimwa vizuri kwa maji hupigwa, tabaka jembamba juu ya jembamba, kila moja likinyunyiziwa maji lisikauke kwa pupa. Chokaa haigandi kama saruji: hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa, na hilo huchukua wiki, pengine miezi. Ukiona jukwaa la mafundi limesimama muda mrefu kwenye nyumba ya jirani, huenda wanaisubiri chokaa yao ikomae.