Kuaminika na usahihi wa hojaji: kwa nini alfa ya 0.7 haitoshi

Fungua sura ya tatu ya ripoti ya utafiti ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza, awe wa ualimu au wa saikolojia. Karibu na mwisho utakuta kichwa kidogo: "Usahihi na kuaminika kwa data." Chini yake kuna aya moja, mara nyingi imerithiwa kwa kaka au dada aliyemaliza mwaka jana, nayo inafunga hivi: alfa ya Cronbach (namba inayoonyesha maswali ya hojaji yanakubaliana kiasi gani; ikikaribia 1, yanakubaliana zaidi) ilikuwa 0.7 na ushee, kwa hiyo hojaji ni sahihi na inaaminika.

Hapo maneno mawili yamefungwa kwenye kamba moja. Namba ile inahusu kuaminika tu. Juu ya usahihi haisemi kitu.

Hojaji inaaminika pale majibu yake yasipoyumbayumba ovyo. Njia moja ya kujua ni kuwarudia wanafunzi walewale baada ya wiki mbili na karatasi ileile. Lakini nani ana nauli ya kwenda shuleni mara mbili? Ndiyo maana njia ya pili imeshika: unawaendea mara moja, kisha unaangalia kama maswali yanayodaiwa kupima jambo moja yanaelekea upande mmoja. Aliyekubali swali la kwanza, je, na la tano kalikubali? Mwanasaikolojia Lee Cronbach wa Marekani aliichambua hesabu hiyo kwenye makala ya mwaka 1951, na alfa ikabaki na jina lake.

Na hiyo 0.7? Wengi humtaja Jum Nunnally, kitabu chake cha 1978. Yeye aliitaja kwa utafiti ulio katika hatua za mwanzo. Kwa kipimo kinachoamua hatima ya mtu mmojammoja, alitaka angalau 0.90. Sehemu hii ya pili huwa hainakiliwi.

Halafu alfa hupanda kwa wingi wa maswali. Chukua maswali yenye uhusiano hafifu, wastani wa 0.2 kati ya swali na swali. Yakiwa matano, alfa ni 0.56. Yakiwa kumi inafika 0.71, ishirini 0.83. Uhusiano ni uleule, karatasi tu ndiyo imerefuka. Ukiandika "Napenda shule", kisha "Shule naipenda", kisha "Kwenda shule hunifurahisha", utapata alfa ya kuringia bila kujua jambo jipya.

Usahihi unauliza kitu kingine: hicho unachopima ndicho ulichosema unapima? Cronbach huyohuyo, pamoja na Paul Meehl, aliliandikia swali hili makala nyingine mwaka 1955. Tatizo ni kwamba hakuna kitufe kwenye SPSS, ile programu ya kompyuta ya kukokotoa takwimu, cha kulijibu, nalo hujificha mahali tusipotazama, yaani kwenye tafsiri.

Tuseme unapima namna wanafunzi wa kidato cha pili wanavyojithamini, ukatumia kipimo cha Morris Rosenberg cha mwaka 1965. Kina sentensi kumi, tano za kujikubali na tano za kujikana. Moja inasema, kwa maana yake, kuna nyakati mtu hujiona hafai. Mwanafunzi aliyekesha akitafsiri neno kwa neno huandika: "Wakati mwingine nafikiri mimi si mzuri." Mpe binti wa miaka kumi na tano. "Mzuri" kwake inaweza kuwa sura. Kwa mwenzake ni tabia, kwa wa tatu ni mwanafunzi mzuri, yule wa kushika namba darasani. Wakiielewa wote kuwa ni sura, majibu yao yatakubaliana vizuri tu na sentensi nyingine uliyoitafsiri kwa neno hilohilo. Alfa itapendeza. Wewe utaandika juu ya kujithamini, kumbe umepima urembo.

Sentensi za kukanusha nazo zina vituko vyake. Muulize mtu, "Hujala?" Wapo watakaojibu "Ndiyo," yaani ndiyo, sijala, na wapo watakaosema "Hapana" wakiwa na njaa ileile. Sasa weka "Sina cha kujivunia" mbele ya visanduku vya Ndiyo na Hapana, uone majibu yatakavyogongana. Hili si la Waswahili peke yao. David Schmitt na Jüri Allik walikitumia kipimo cha Rosenberg katika mataifa 53, wakaripoti mwaka 2005 kwamba sentensi za kukanusha hazikueleweka kwa namna moja kila mahali. Hapo alfa hushuka, SPSS inakuonyesha ni sentensi ipi ukiitoa namba itapanda, nawe unatoa moja, mbili, hadi zote tano zimekwenda. Namba imepona, na Rosenberg kabaki nusu. Mimi hilo naliona baya kuliko alfa ya 0.6 iliyoandikwa kwa uaminifu na kuelezwa.

Dawa si ghali. Mpe mtu asiyeiona hojaji asilia aifasiri tafsiri yako kurudi kwenye Kiingereza, njia aliyoieleza Richard Brislin mwaka 1970, kisha linganisha. Halafu, kabla ya kwenda steshenari kutoa kopi mia mbili, kaa na watoto watano au sita chini ya mti. Mmoja asome sentensi, afunike karatasi, aseme kwa maneno yake imeuliza nini. Usimsaidie. Utakachosikia kiandike kwenye ile aya ya sura ya tatu, kina uzito kuliko namba.

Mimi nilikuwa na sentensi ya kupima hofu ya somo la hesabu: "Nina wasiwasi na hesabu." Niliiona imetulia, hata msimamizi wangu hakuigusa. Kijana wa kwanza kuisoma alinyamaza kidogo, akasema hata yeye ana wasiwasi nazo, kwa sababu alama zake za jaribio zilijumlishwa vibaya na mwalimu hajazirekebisha. Nikaifuta, nikaandika: "Kipindi cha hesabu kikikaribia, moyo hunienda mbio."