Maktaba za Zamani Zinazobaki Baada ya Kupandisha Toleo la Debian

Nyumba za wageni na ofisi ninazozihudumia hapa Lamu, kuanzia Mkomani hadi Shela, aghalabu huwa na seva moja tu inayobeba orodha ya wageni, hesabu na mafaili yote ya pamoja. Kwa hiyo kazi ya kuipandisha seva kutoka Debian 11 hadi Debian 12 (Debian ni mfumo endeshi wa aina ya Linux), toleo lililotoka Juni 2023, huipanga mbali na siku za Maulidi, mji unapofurika wageni. Upandishaji wenyewe kwa kawaida huisha salama. Panapotaka uangalifu ni baadaye, katika kuamua ni maktaba zipi za zamani, yaani mafaili ya msimbo yanayotumiwa kwa pamoja na programu nyingi, ziondolewe na zipi ziachwe kwanza.

Namba iliyo mwishoni mwa jina la maktaba ina uzito wake. Kwa libssl, maktaba ya OpenSSL inayolinda mawasiliano kwa usimbaji, Debian 11 ilitumia libssl.so.1.1, na Debian 12 inatumia libssl.so.3, moja haishiki nafasi ya nyingine. Nawasihi mafundi wenzangu wasitengeneze kiungo (faili la mkato linaloelekeza kwenye faili jingine) chenye jina la zamani kinachoelekea kwenye maktaba mpya. Kwa libssl, programu itakataa kuwaka kwa kuwa haioni alama ya toleo ya OPENSSL_1_1_0 inayoitafuta ndani ya maktaba. Kwa maktaba zisizo na alama za namna hiyo hatari ni kubwa zaidi, kwani programu inaweza kuwaka vizuri kisha ikaharibu data kimyakimya.

Amri ya `apt autoremove` ya apt, chombo cha Debian cha kuweka na kuondoa vifurushi vya programu, huondoa vifurushi vilivyoletwa kama vitegemezi, yaani kwa sababu vingine vilivihitaji, na ambavyo havihitajiki tena na kifurushi kingine chochote. Hapa ndipo wengi hunaswa, kwa sababu apt huyajua mahitaji ya vifurushi peke yake. Programu ya kusajili wageni iliyonakiliwa moja kwa moja ndani ya `/opt` haimo katika daftari lake, hivyo libssl1.1, kifurushi chenye libssl.so.1.1, huonekana haina mwenyewe, ikafutwa, na asubuhi yake mapokezi hawawezi kufungua orodha. Kabla ya kufuta chochote, mimi huendesha `apt-get -s autoremove`, ambayo huonyesha tu kitakachoondolewa, kisha huzikagua programu zilizo ndani ya `/opt` na `/usr/local` moja moja:

`objdump -p /opt/wageni/programu | grep NEEDED`

Amri hii huorodhesha maktaba ambazo programu inazihitaji; ukiona mstari wenye libssl.so.1.1, umeshampata mwenyewe. Naipendelea amri hii kuliko `ldd`, amri nyingine ya kuorodhesha maktaba, ambayo wakati mwingine huiendesha programu yenyewe, jambo lisilofaa kwa faili usiloliamini.

Orodha ya `apt list '~o'` nayo huonyesha vifurushi visivyopatikana tena katika hazina yoyote ya vifurushi uliyoiweka kwenye apt. Isomwe kwa makini, maana hujumuisha pia vile ulivyoviweka kwa mkono.

Kuna mabaki mengine yasiyoonekana diskini. Linux huruhusu faili kufutwa huku programu ikiendelea kulitumia, kwa hiyo huduma iliyowaka kabla ya upandishaji hubaki na maktaba ya zamani kumbukumbuni, pamoja na kasoro zake za usalama. `sudo lsof | grep 'DEL.*lib'` huzitaja huduma hizo, na kifurushi cha needrestart husaidia kuziwasha upya. Wapo wanaotegemea umeme ukikatika uwafanyie kazi hiyo, lakini seva iliyounganishwa na betri za sola haizimiki.

Ikiwa programu ya `/opt` bado inahitaji libssl1.1, `apt-mark manual libssl1.1` huizuia isiondolewe na autoremove. Hiyo ni hatua ya muda tu. Usaidizi kwa umma wa OpenSSL 1.1.1, toleo lenye libssl1.1, ulikoma tarehe 11 Septemba 2023, na Debian 12 haina kifurushi hicho, kwa hiyo haikirekebishi. Mwombe aliyeiunda programu aijenge upya kwa OpenSSL 3. Asipopatikana, itenge na intaneti, ibaki kwenye mtandao wa ndani wa nyumba, na uanze kumtafutia mwenye nyumba programu nyingine.