Je, wajua kwa nini Ubelgiji ilipangishiwa sehemu ya bandari ya Dar es Salaam kwa faranga moja kwa mwaka?

Ukikwama kwenye foleni ya Barabara ya Mandela katikati ya malori yanayopeleka mizigo Kongo, Rwanda na Burundi, unaweza kudhani biashara hiyo imeanza juzi. Ina zaidi ya miaka 100, na chimbuko lake ni vita na ugomvi wa mipaka. Cha ajabu, kipande kilichogombewa zaidi kilikuwa mbali kabisa na Dar.

Vita Kuu ya Kwanza ilipolipuka mwaka 1914, mji huu ulikuwa makao makuu ya koloni la Wajerumani lililojumuisha Tanganyika bara, Rwanda na Burundi. Mwingereza alikuwa Kenya na Uganda, Mbelgiji Kongo, Mreno Msumbiji. Kila mmoja aliingia vitani na hesabu zake kichwani. Mwaka 1916 jeshi la Kongo chini ya Jenerali Charles Tombeur lilichukua Kigali, kisha Kigoma, na Septemba 19 likaingia Tabora. Waingereza walikuwa wameshaikamata Dar es Salaam mwanzoni mwa mwezi huohuo. Wareno nao walikuwa wamejirudishia Kionga, pembe ndogo kusini mwa mdomo wa Ruvuma waliyonyang'anywa na Wajerumani mwaka 1894.

Sasa sikiliza. Mbelgiji alipigana mpaka Tabora, lakini si Tabora aliyokuwa akiitamani. Jicho lake lilikuwa upande wa pili wa Afrika, kwenye ukingo wa kusini wa mdomo wa mto Kongo, uliokuwa chini ya Wareno wa Angola. Kongo ni nchi kubwa mno, ila pwani yake haifiki hata kilomita 50. Ukasukwa mpango: Mbelgiji amwachie Mwingereza alichoteka, Mwingereza amkatie Mreno kipande cha kusini mwa koloni la Mjerumani, na Mreno amwachie Mbelgiji ule ukingo. Madalali watatu wanauziana nyumba, na wenye nyumba hawajaulizwa.

Mreno akagoma. Aliambulia Kionga tu.

Ndipo Mei 1919 Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji wakakubaliana: Rwanda na Burundi kwa Mbelgiji, Tanganyika kwa Mwingereza. Hata hapo Mwingereza alimega Gisaka, mashariki mwa Rwanda, akiota reli ya kutoka Uganda kwenda kusini. Mfalme Musinga alilalamika, Wabelgiji nao wakalalamika, na miaka michache baadaye Gisaka ikarudishwa.

Mbelgiji akabaki na nchi mbili zisizo na bahari, pamoja na mashariki ya Kongo iliyo mbali sana na Atlantiki. Lakini Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kulikuwa na reli ya Kongo inayoishia mji ambao leo ni Kalemie. Njia ilikuwepo, alichokosa ni gati la kushushia. Machi 15, 1921 Uingereza ikampa maeneo katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma kwa faranga moja kwa mwaka, bila kikomo cha muda, na mizigo yake ipite bila kutozwa ushuru wa forodha. Maeneo hayo yakajulikana kama Belbase. Kwa maoni yangu ilikuwa kifuta machozi, na kilitolewa kwa mali ya watu wengine.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, serikali ya Mwalimu Nyerere ilikataa kuurithi mkataba huo. Hoja yake ilikuwa kali na nyepesi kueleweka: Mwingereza alikabidhiwa Tanganyika kwa muda tu, kwanza na Shirikisho la Mataifa, kisha chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Asingeweza kupangisha ardhi hiyo daima dumu wakati yeye mwenyewe alikuwa mpita njia. Kilichokataliwa hapo ni upangaji, si mizigo ya majirani: Tanganyika ilikuwa tayari kuzungumza upya kuhusu njia ya Kongo, Rwanda na Burundi kwenda baharini, safari hii kwa masharti ya mwenye bandari.