Roboti ya Maabara na Damu Iliyotoka Kisiwani

Mtu akitolewa damu kwa ajili ya utafiti wa kichocho kule Ukerewe au Kome, visiwa vya Ziwa Victoria, huuliza kwanza inapelekwa wapi. (Habari za mumiani tuziache kwa leo.) Mara nyingi kinachotafutwa humo ni protini: za mwili wake, zinazopanda au kushuka mayai ya kichocho yanapoanza kulitia ini makovu, na za mnyoo wenyewe.

Mashine inayosoma protini, spektromita ya masi, haipokei damu kama ilivyo. Protini ni nyuzi ndefu zilizokunjamana. Zinakunjuliwa kwa kemikali na joto, vifungo vyake vya salfa vinakatwa na kuzuiwa visiungane tena, kisha kimeng'enya kiitwacho tripsini kinazikata vipande vifupi. Tripsini haikati ovyo. Hukata baada ya amino asidi (viungo vinavyounda protini) mbili tu, laisini na ajinini, na kwa kawaida huachiwa usiku kucha kwenye nyuzijoto 37. Halafu chumvi na sabuni zinaondolewa.

Kwa sampuli nne, hiyo ni kazi ya kawaida. Kwa sahani ya vishimo 96, safu 8 kwa 12, mkono unachoka. Mtaalamu ananyonya mikrolita 5, yaani sehemu moja ya 200 ya mililita, anadondosha, anabadilisha ncha ya pipeti, yaani kifaa cha kunyonyea na kudondoshea kimiminika, anarudia. Kishimo cha kwanza kinapata tripsini mapema, cha mwisho kinachelewa, na baadaye tofauti hiyo inaweza kudhaniwa ni tofauti ya wagonjwa. Kuna pia keratini, protini ya ngozi na nywele. Ukiinamia sahani bila kofia, unywele mmoja tu ukidondoka, mashine itakusoma wewe badala ya mgonjwa.

Hapo roboti inastahili sifa. Ni mkono wenye pipeti unaotembea juu ya meza, na hauna ngozi wala nywele. Haihitaji macho, kwa sababu sahani hizi zina vipimo vya aina moja dunia nzima: kutoka katikati ya kishimo hadi katikati ya jirani yake ni milimita 9. Njia inayoifaa zaidi ni ya punje za sumaku, iliyochapishwa mwaka 2014 na kuboreshwa baadaye. Ukiongeza ethanoli ya kutosha, protini zinanata kwenye punje. Sumaku inazivuta pembeni ya kishimo. Roboti inanyonya maji machafu, inaosha, inarudia. Hakuna haja ya kuhamisha sahani kwenda kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha sampuli kwa kasi, kila mara.

Lakini roboti ya bei nafuu isiyo na kihisi cha kimiminika, ukiiamuru inyonye kwenye kishimo kikavu, itanyonya hewa na kuendelea na kazi. Plazma, yaani sehemu ya majimaji ya damu, yenye nyuzi za damu iliyoganda nayo itaziba ncha, na sampuli itapungua bila mtu kujua.

Hata hivyo, kwa mazingira yetu ya ziwani, tatizo kubwa liko mbali na meza hiyo. Damu ya Sengerema ilizoea kusubiri kivuko cha Kigongo–Busisi. Tangu Juni 2025 inavuka darajani. Ya Ukerewe bado inategemea chombo cha majini. Ikikaa muda mrefu bila kuzungushwa, huku ikitikisika kwenye joto, chembe nyekundu zinapasuka, himoglobini, protini inayoipa damu wekundu, inamwagika, na plazma iliyopaswa kuwa ya manjano inakuwa ya waridi. Roboti itaiandaa plazma hiyo ya waridi kwa usahihi uleule.

Kwa hiyo, fedha zikitosha kitu kimoja tu, ningenunua sentrifuji ndogo na friza ya kuwekwa kituo cha afya kisiwani, damu itenganishwe na kugandishwa kabla haijasafiri. Baada ya hapo, pipeti ya ncha nane na sahani ya sumaku ya kutumia kwa mkono. Hizo peke yake zinapunguza uchovu mwingi. Roboti ifuate, na ije na betri ya akiba, maana umeme ukikatika katikati ya sahani ni vigumu kujua ilifikia kishimo cha ngapi. Bajeti ihesabu na ncha za plastiki: sahani moja humaliza mamia, na zikiisha ghala, mashine inakaa tu ikisubiri mzigo.